Kamba ya kilomita 20 angani: namna ya kukokotoa mitetemo yake na kuipima

Kamba ndefu inayounganisha vyombo viwili kwenye obiti hutetema kwa namna nne kwa wakati mmoja, na mojawapo ya namna hizo inaweza kuendelea kwa saa nyingi bila kipimo cha mkazo kuonyesha chochote. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na hesabu, kisha vihisi. Anayenunua vihisi kwanza huishia na mafaili makubwa ya takwimu ambazo hajui azisomeje.

Utahitaji fizikia ya mwaka wa kwanza wa chuo, kompyuta yenye Python na NumPy, na kwa hatua ya majaribio, simu janja na mshipi wa kuvulia samaki.

Hatua ya 1: Chagua kamba moja halisi

Usianze na kamba ya kufikirika. Mifano ipo. Septemba 1966, wanaanga wa Gemini 11, Pete Conrad na Richard Gordon, waliunganisha chombo chao na roketi ya Agena kwa kamba ya Dacron ya mita 30. Walipojaribu kuvizungusha vyombo viwili pamoja, kamba ilianza kuzunguka kama ile ya watoto wanaoruka kamba. Miaka ya 1970 Giuseppe Colombo wa Padova na mwenzake Mario Grossi walipendekeza kamba za kilomita nyingi, na Italia, hiyohiyo yenye jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ikatengeneza setilaiti ya mradi wa TSS (setilaiti iliyofungwa kwa kamba kwenye chombo kikubwa) pamoja na NASA. Safari ya kwanza, mwaka 1992, kamba ilikwama ikiwa imetoka mita 260 hivi kwa sababu ya bolti iliyochomoza kwenye mtambo wa kuifungulia. Safari ya pili, Februari 1996, ilifika kilomita 19.7, kisha ikaungua kwa cheche za umeme na kukatika.

Kwa kujifunzia napendelea SEDS, kamba ya majaribio ya NASA. Ni kamba nyembamba ya polyethilini (jina la biashara Spectra), unene wa milimita 0.75, urefu wa kilomita 20, haipitishi umeme, na mwishoni ina kisanduku cha kilo 25 hivi. Ilirushwa mara mbili, Machi 1993 na Machi 1994, ikifunguliwa kutoka hatua ya pili ya roketi ya Delta II. Haina injini wala mota ya kuivuta irudi, kwa hiyo fizikia yake ni safi. Chukua namba hizi, zilizokadiriwa:

- urefu L = mita 20,000
- kisanduku m = kilo 25
- uzito wa kamba ρ = gramu 0.33 kwa mita, yaani kilo 6.6 kwa kamba nzima
- obiti ya kimo cha kilomita 300

Ukakamavu wa kamba, yaani moduli ya Young mara eneo la mkato, tuseme EA = nyutoni 15,000. Kamba ya kusuka ina tabia yake, kwa hiyo namba hii usiitoe kwenye jedwali la malighafi. Vuta kipande cha kamba yenyewe maabara, upime.

Hatua ya 2: Tafuta mkazo kabla ya kitu kingine

Kamba ya gitaa hukazwa kwa ufunguo. Hii hukazwa na tofauti ya mvutano wa dunia kati ya ncha ya juu na ya chini, pamoja na mzunguko wa obiti. Kasi ya kuzunguka, n, kwa kimo cha kilomita 300 ni radiani 0.001157 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja kwa dakika 90.5. Mkazo kwenye kisanduku ni

T = 3 · m · n² · L

Weka namba: nyutoni 2.0. Hiyo ni nguvu ya kubeba simu mkononi, ndiyo inayonyoosha kilomita 20 za kamba. Kwenye ncha ya upande wa roketi ongeza mchango wa kamba yenyewe, 3n²ρL²/2, ambao ni nyutoni 0.27. Kwa hiyo mkazo unapanda kutoka 2.0 hadi 2.27 kadiri unavyoelekea roketini.

Iangalie tena fomula: mkazo unakua sawia na urefu. Kamba ikiwa imetoka kilomita 1 tu, mkazo ni nyutoni 0.1, na msuguano mdogo ndani ya bobini unaweza kuuzidi. Kwa hiyo dakika za mwanzo za kufungulia ndizo za hatari, na ndiyo maana visanduku hivi husukumwa kwa springi kutoka kwenye roketi, havisubiri mvutano uvichukue.

Hatua ya 3: Andika vipindi vinne kwenye karatasi

Fanya hivi kwa mkono kabla ya kuwasha kompyuta. Karatasi hii utairudia hadi mwisho wa kazi.

Kwanza, kamba nzima inabembea kama timazi. Mbele na nyuma ndani ya bapa la obiti, kasi yake ni √3 mara n, sawa na kipindi cha dakika 52.3. Kushoto na kulia, nje ya bapa, ni 2n, dakika 45.3. Vipindi hivi havitegemei urefu wala uzito, obiti peke yake inaviamua.

Pili, mtetemo wa pembeni, ambao kamba inapinda kama uzi wa gitaa. Kasi ya wimbi ni kipeuo cha pili cha T/ρ, ambayo hapa ni mita 78 kwa sekunde kwenye kisanduku na 83 upande wa roketi. Chukua 80.5. Wimbi linahitaji sekunde 248 kufika ncha ya pili, na umbo la kwanza la mtetemo, ambalo kamba nzima inapinda upande mmoja, lina kipindi cha sekunde 497, dakika nane na kidogo. Umbo la pili ni nusu ya hapo, la tatu theluthi.

Tatu, mdundo wa urefu: kamba inavutika na kurudi, kisanduku kikipanda na kushuka. Springi ya kamba nzima ni EA/L = nyutoni 0.75 kwa mita. Ukihesabu kisanduku pamoja na theluthi moja ya kamba, kipindi ni sekunde 38. Mawimbi ya urefu yenyewe yanakwenda kwa kilomita 6.7 kwa sekunde, yanavuka kamba kwa sekunde 3.

Nne, kisanduku chenyewe kinatikisa kichwa kuzunguka tundu kamba ilipofungwa. Tundu likiwa sentimita 20 kutoka kitovu cha uzito, na inesha ya kisanduku ikiwa 0.5 kg·m², kipindi ni sekunde 7. Hii wengi huisahau, nayo ndiyo itakayotuletea matatizo katika hatua ya mwisho.

Ukiweka namba hizi kwenye mstari utaona ni kama ngazi: sekunde 7, 38, 497, 3,000. Nafasi kati ya vipandio ni bahati yako. Ndiyo itakayokuruhusu kutenganisha mitetemo kwa vihisi viwili au vitatu tu vilivyo ncha moja.

Hatua ya 4: Jenga kamba ya shanga

Sasa kompyuta. Gawa kamba vipande 20 vya kilomita moja moja, weka shanga yenye uzito wa gramu 330 kwenye kila kiungo, unganisha kwa springi. Kwa kila shanga tumia milinganyo ya Hill, inayoeleza mwendo wa kitu kilicho karibu na chombo kingine kwenye obiti, x ikielekea nje ya dunia, y mbele kwenye njia ya obiti, z pembeni:

x″ = 2n·y′ + 3n²·x + Fx/m
y″ = −2n·x′ + Fy/m
z″ = −n²·z + Fz/m

F ni nguvu ya springi za pande mbili. Roketi iweke kwenye asili ya mihimili, haitembei. Ni nzito kiasi kwamba kosa ni dogo kwa kuanzia.

Kuna mstari mmoja wa msimbo wa programu usioruhusiwa kuukosea: kamba inavuta, haisukumi. Springi ikiwa fupi kuliko urefu wake wa asili, nguvu ni sifuri. Andika max(0, …) na uendelee. Bila hiyo, modeli yako itakuonyesha kamba inayosimama wima kama fimbo pale ambapo ile ya kweli ingelegea na kujikunja.

Hatua ya muda inaamuliwa na wimbi la haraka kuliko yote, hata kama hulihitaji. Kilomita 1 kwa kasi ya kilomita 6.7 ni sekunde 0.148, ukipita hapo, hesabu inalipuka. Tumia 0.05. Obiti nzima inakuwa hatua 108,600 hivi, na kompyuta ya kawaida inazimaliza mapema ukitumia NumPy badala ya vitanzi.

Kwa nini shanga 20 na si 200? Kwa sababu shanga 20 zinatoa umbo la kwanza kwa kosa la asilimia 0.1 na la tano kwa asilimia 2.5. Juu ya umbo la tano hutapima chochote cha kuaminika angani, basi usilipie hesabu yake.

Joto nalo liingize mapema. Nyuzi za polyethilini za aina hii zina tabia ya ajabu: zikipata joto zinafupika, takriban sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi ya selsiasi. Joto likibadilika nyuzi 50 kati ya kivuli cha dunia na jua, kilomita 20 zinabadilika mita 12. Linganisha na mvutiko unaotokana na mkazo, ambao ni karibu mita 3 tu. Kamba ikiingia kivulini inarefuka, na ikirefuka haraka kuliko kisanduku kinavyoweza kuifuata, inalegea. Modeli isiyo na joto haitakuonyesha hilo kamwe.

Hatua ya 5: Ithibitishe kwa karatasi yako

Endesha majaribio matano mafupi. Acha kamba wima imetulia: mkazo uwe 2.0 chini na 2.27 juu. Iinamishe digrii 2 mbele, iache: kipindi kiwe dakika 52.3. Inamisha pembeni: 45.3. Sukuma kisanduku juu kidogo: sekunde 38. Halafu piga shanga ya pili kutoka roketini kwa pembeni na uangalie pigo likisafiri. Lifike kisandukuni baada ya sekunde 224 hivi, kwa kuwa kilomita 2 za kwanza halizipiti.

Jaribio moja likishindwa, usiguse yaliyobaki. Kosa la kawaida ni alama ya 2n·x′ kugeuzwa, na dalili yake ni kamba inayobembea vizuri kwenye bapa lakini inapofunguliwa inaegemea upande usio wake.

Hatua ya 6: Chagua vihisi kwa kuuliza kila kimoja kinaona nini

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, na ndipo modeli inapojilipa.

Kisanduku cha SEDS, kilichotengenezewa vifaa vyake na kituo cha NASA Langley, kilibeba vihisi vitatu vya mihimili mitatu kila kimoja: cha mkazo, cha mchapuko na cha sumaku. Tuvipitie kwa kutumia mtetemo wa mfano: umbo la kwanza la pembeni, katikati ya kamba ikiyumba mita 100 kila upande.

Mkazo kwanza. Kamba iliyopinda inahitaji urefu zaidi kuliko iliyonyooka. Kwa mita 100 za kuyumba, ziada ni π²A²/4L (A ni hizo mita 100), yaani mita 1.23. Ungetarajia springi ya 0.75 ikupe karibu nyutoni moja ya mabadiliko. Haitoi. Kisanduku hakijafungwa ukutani. Mtetemo wa dakika nane ni wa polepole mno kwa mdundo wa sekunde 38, kwa hiyo kisanduku kinavutwa juu mita moja na kurudi, na mkazo unabadilika nyutoni 0.01 tu. Tena unabadilika mara mbili kwa kila mtetemo, maana kamba inanyooka mara mbili. Ukiona kilele cha sekunde 248 kwenye takwimu za mkazo usikimbilie kukiita umbo la pili. Huenda ni kivuli cha la kwanza.

Sasa badala ya kuyumba kwenda na kurudi, kamba izunguke duara lenye nusu kipenyo cha mita 100, kama ilivyokuwa kwa Gemini 11. Urefu wa ziada ni uleule 1.23, lakini haubadiliki. Mkazo unabaki tambarare. Kihisi cha mkazo, hata kiwe cha bei gani, hakioni mzunguko huo. Kwa TSS jambo hili lilikuwa wasiwasi mkubwa, kwa sababu umeme uliopita kwenye kamba ulisukumana na sumaku ya dunia na ungeweza kuuchochea mzunguko huo, na wahandisi waliandaa kikokotozi maalumu cha kuukadiria kutokana na mizunguko midogo ya setilaiti yenyewe.

Kipimamchapuko kwenye kisanduku kinasoma T/m. Mvutano wa dunia hakiusikii, kwa hiyo kinachobaki ni kamba: mita 0.08 kwa sekunde ya mraba kuelekea juu. Ni kihisi cha mkazo cha pili, cha bei nafuu, na kinafaa sana kwa mdundo wa sekunde 38. Lakini mihimili yake ya pembeni itakuvunja moyo. Kisanduku chenye kipindi cha sekunde 7 kina muda tele wa kujipanga na mwelekeo wa kamba inayoyumba kwa dakika nane. Kamba inapoinama, nacho kinainama, na nguvu inabaki kwenye mhimili uleule.

Basi kinachoona mtetemo wa pembeni ni kile kinachoona kisanduku kikiinama: jairo (kihisi cha kasi ya kugeuka) na kipimasumaku. Mteremko wa kamba kwenye ncha ni Aπ/L, radiani 0.0157, chini kidogo ya digrii moja. Jairo itaona digrii 0.011 kwa sekunde, yaani digrii 41 kwa saa, na jairo ya bei ya simu inahama yenyewe kwa kiasi kama hicho au zaidi. Chukua iliyo bora, au uiegemeze kwenye kipimasumaku, ambacho kwa uga wa nanotesla 30,000 kinaona mabadiliko ya 470 hivi. Uga wenyewe unabadilika polepole kadiri unavyozunguka dunia. Utoe kwa IGRF, modeli ya kimataifa ya sumaku ya dunia. Kwa kamba inayopitisha umeme kipimasumaku ni cha kutilia shaka, kwani mkondo wa kamba una uga wake.

Mzunguko wa kuruka kamba unaujua kwa mihimili miwili ya jairo: mawimbi mawili yenye ukubwa sawa, moja likichelewa robo ya kipindi. Kuyumba kwa kawaida kunatoa mawimbi yanayopanda na kushuka pamoja.

Nyuzi za kioo za kupitisha mwanga, zenye mistari midogo ndani inayoakisi rangi moja, zinasifiwa sana, na kwa kamba nene zinastahili. Kwa hii yetu sizipendekezi. Mvutiko wote ni sehemu 140 kwa milioni, unaosogeza rangi pikomita 170 hivi. Nyuzi 50 za joto zinaisogeza 500. Utakuwa umenunua kipimajoto kirefu.

Weka pia kihisi cha mkazo upande wa roketi, chenye saa inayolingana na ya kile cha kisandukuni. Kamba ya SEDS ya pili ilikatika baada ya siku nne hivi, ikidhaniwa iligongwa na chembe ya angani. Ikikatika ya kwako, habari ya kukatika inasafiri pande zote mbili kwa kilomita 6.7 kwa sekunde. Tofauti ya muda wa mkazo kupotea kwenye ncha mbili inakuambia ilikatikia wapi. Kwa usomaji wa mara 10 kwa sekunde unapata mahali kwa kosa la mita 300 na ushee.

Hatua ya 7: Kasi ya kusoma na urefu wa rekodi

Soma mara 10 kwa sekunde, chuja, ndipo upunguze. Kusoma mara moja kwa sekunde 30 ili kuokoa nafasi kunavutia, lakini mdundo wa sekunde 38 ukisomwa hivyo utajitokeza kama mtetemo wa sekunde 140 hivi, katikati ya umbo la tatu na la nne la pembeni, na hakuna chujio la kompyuta litakalokuokoa baada ya hapo.

Upande wa pili ni muda. Kutenganisha mibembeo ya dakika 52.3 na 45.3 kunahitaji rekodi ya saa 5.6, karibu obiti nne. Rekodi ya obiti moja itakupa kilele kimoja kinene. Usikipe jina.

Hatua ya 8: Jaribu ngazini kwa simu

Simu ya gramu 200 ikining'inia inakaza uzi kwa nyutoni 1.96, karibu sawasawa na kamba yetu ya angani. Tafuta ngazi za jengo lenye nafasi ya mita 6, ning'iniza simu kwa mshipi wa nailoni wa milimita 0.8, ukiifunga ncha ya juu peke yake. Iweke kwenye mfuko unaoibana vizuri, na utandike godoro chini. Programu ya bure ya phyphox, iliyotengenezwa chuo kikuu cha RWTH Aachen, inarekodi jairo na mchapuko pamoja. Subiri mshipi umalize kujisokotoa.

Kwanza bembeza simu polepole. Kipindi ni sekunde 4.9, na utaona kwa macho yako lile la hatua ya 6: jairo inapanda na kushuka, mchapuko wa pembeni umelala.

Kisha kung'uta mshipi katikati. Una gramu 0.57 kwa mita, wimbi linakwenda mita 58 hivi kwa sekunde, umbo la kwanza ni mara 4.9 kwa sekunde. Hapa uwiano umegeuka: simu inatikisa kichwa karibu mara 3 kwa sekunde, polepole kuliko mshipi, kwa hiyo haiwezi kuufuata na vihisi vyote viwili vitaona kitu. Usihamishe hitimisho hilo kwenda angani. Nailoni pia inavutika, na mdundo wake wa juu-chini unaweza kuangukia karibu na mara 5 hizohizo. Ikitokea, badilisha urefu wa mshipi: mtetemo wa pembeni unafuata kinyume cha urefu, mdundo unafuata kinyume cha kipeuo cha pili cha urefu, kwa hiyo vitaachana.

Mwisho, kama una mota ndogo yenye giaboksi ya mizunguko 300 kwa dakika, ifunge juu na mkono wa sentimita moja, uongeze na kupunguza volti hadi mshipi ufunguke duara. Tazama mchapuko wa wima na jairo kwenye skrini moja. Dakika mbili za jaribio hili zinafundisha kuliko ukurasa wa milinganyo.

Hatua ya 9: Unganisha modeli na vipimo

Usiingize shanga zote 20 kwenye chujio la Kalman, yaani hesabu inayorekebisha makadirio ya modeli kwa kila kipimo kipya. Tumia ukubwa wa maumbo: mibembeo miwili, maumbo matatu ya pembeni katika pande mbili, na mdundo mmoja. Ni vitu tisa, kila kimoja na kasi yake, jumla kumi na nane. Chujio la ukubwa huo linaendeshwa na kichakataji kidogo kabisa.

Kumbuka mteremko wa ncha kwa umbo la k ni kπA/L. Mita 10 za umbo la tatu zinainamisha kisanduku sawa na mita 30 za la kwanza. Ukiacha chujio lifikirie umbo la kwanza peke yake, litakupa namba kubwa za uongo zenye utulivu wa kushangaza. Angalia mabaki, yaani tofauti kati ya vipimo na makadirio: yakiwa na kipindi, kuna umbo umelisahau. Yakiwa na kipindi cha sekunde 7, ni kisanduku kinachotikisa kichwa, yachuje.

EA iache nayo ikadiriwe, taratibu. Kamba mpya ya kusuka hukaza misuko yake siku za mwanzo, na sekunde 38 zako zitasogea.

Hatua ya 10: Kufungulia na kuvuta

Hadi hapa urefu haukubadilika. Ukibadilika, ngazi yote ya hatua ya 3 inasogea. Kwa kamba yetu, kipindi cha mtetemo wa pembeni kinafuata takriban kipeuo cha pili cha urefu: kwa kilomita 5 ni sekunde 255 hivi, kwa kilomita 1 ni 115. Kichwa cha kisanduku kinafanya kinyume, kwa sababu mkazo unapungua: sekunde 7 kwa kilomita 20, 31 kwa kilomita 1. Vinakaribiana kutoka pande mbili, na vinakutana kwenye mita 273, vyote vikiwa sekunde 60. Umbo la pili linakutana na kisanduku kwenye mita 546, la tatu kwenye 820. Katika urefu huo kamba na kisanduku vinabadilishana nishati, na tikisiko dogo la upande mmoja linakuwa kubwa upande wa pili.

Chora mistari hiyo kabla ya safari, weka alama kwenye kila makutano, na upange kuyapita kwa kasi. Usisimame hapo kupima. Kama mpango wako unadai kusimama katika mita 300, hamisha tundu la kamba kwenye kisanduku: kulisogeza mbali na kitovu kunafupisha kipindi cha kichwa na kuyashusha makutano.

Kwa kamba yenye mota, tofauti na SEDS, kuivuta irudi ni kugumu kuliko kuifungulia. Wakati wa kufungulia, kurefuka kwenyewe kunatuliza mbembeo. Wakati wa kuvuta, umbali wa pembeni unabaki karibu uleule huku urefu ukipungua, kwa hiyo pembe inakua: digrii 2 kwenye kilomita 20 zinakuwa karibu 20 kwenye kilomita 2. Vuta kwa vipande. Pembe ikifika kikomo ulichoweka, tuseme digrii 10, simamisha bobini, toa na kaza kamba kidogo kidogo kwa mpangilio ulioujaribu kwenye modeli yako, na usianze tena hadi jairo ionyeshe obiti nzima iliyotulia. Ikigoma kutulia na umeshaingia chini ya kilomita moja, kata kamba upande wa roketi. Hakikisha tu umeshajua, kwa modeli yako, kisanduku kitaelekea wapi.